Bata kwa Mguu wa Kushoto

Zamani zile jeshi la Waingereza lilipoanza kupandisha watu angani, mtu hakuulizwa amesoma wapi wala anajua nini. Alipimwa kwenye mizani ya viazi. Sajini Ambrose Tuckwell aliitwa kutoka zizi la nyumbu wa kuvuta mizinga, akapandishwa kwenye mizani na harufu yake yote, na mshale ukasitasita kama unaona haya kutaja jibu.

"Huyu hapa!" Luteni Hallam akapiga makofi. Alikuwa kijana wa ukoo mkubwa, mwenye miguu mirefu na akili ya kuthubutu. "Mwepesi kuliko gunia la viazi! Sajini, kuanzia leo wewe ni mpelelezi wa angani."

"Afande, mimi upelelezi siujui."

"Nani anaujua? Jambo lenyewe halijaota meno. Una macho?"

"Mawili, Afande."

"Basi umezidi kiwango."

Ambrose hakubisha zaidi. Tangu utotoni ufupi wake ulikuwa umemletea balaa tupu. Kwa ajili yake alifanywa mpanda farasi wa mashindano, farasi wakamwangusha. Mmoja akamng'ata ncha ya sikio na kuondoka nayo. Alipoingia jeshini, akajikuta chini ya shemeji yake, Enoch Gedge, mkuu wa zizi, mtu mwenye kifua kama pipa na ulimi kama kwato. Enoch alikuwa amemwoa dada yake Ambrose na kuhesabu kwamba mahari yake ni haki ya kumtania shemeji hadi kaburini. "Ambrose," alikuwa akisema mbele ya watu, "njoo usimame juu ya ndoo, nyumbu wanataka kukuona."

Lakini siku ya kwanza alipopaa, na nyasi zikawaacha, na nyumba zikawa kama vibiriti vilivyotupwa, Ambrose alitazama chini akamwona Enoch uwanjani. Aliona utosi wake. Maishani mwake hakuwahi kuuona utosi wa mtu mzima aliyesimama. Alicheka mpaka mafuta ya injini yakamwingia kinywani. Tangu siku ile, kitu kimoja tu alikitaka duniani: asikiache kile kiti.

Kiti chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Ndege ilikuwa na mabawa ya ghorofa, moja juu na moja chini, na katikati vijiti na nyaya tele hivi kwamba fundi wake, Koplo Obadiah Sprigg, alisema kuku akiingia mle mzima atatoka vipande vya mchuzi. Injini ilisemekana kuwa na nguvu za farasi sabini. Ambrose, aliyewajua farasi, alisema nusu yao walikuwa wamelala. Na wataalamu walioichora ndege ile, baada ya kufikiri sana, walimweka rubani nyuma na mpelelezi mbele, kisha wakamtandazia mpelelezi bawa pana la chini, kulia na kushoto. Mtu wa kutazama ardhi akawa anatazama kitambaa. Ilikuwa kama kumwalika mgeni harusini ukamketisha nyuma ya nguzo.

Kelele za injini hazikuruhusu mazungumzo, kwa hiyo Ambrose alifunga kamba mbili kwenye mikono ya Luteni na kushika ncha zake. Akivuta ya kulia, wanapinda kulia. Akivuta ya kushoto, kushoto. Akivuta zote, wanashuka.

"Taratibu, Sajini," Luteni alilalamika siku ya kwanza walipotua. "Mimi si farasi."

"Samahani, Afande. Mkono umezoea."

"Na ule mluzi wa kuniambia niende mbio?"

"Huo nao umenitoka tu, Afande."

*

Septemba ile walipelekwa Norfolk kwenye vita vya mazoezi. Jeshi la Kusini, ambalo lilikuwa lao, lilitakiwa kuzuia Jeshi la Kaskazini lisivuke Daraja la Holm. Bunduki zilikuwa na baruti bila risasi, na waamuzi wenye vitambaa mkononi walipita wakitangaza nani kafa. Aliyekufa alikwenda kukaa chini ya mti akala mkate wake na jibini. Kwa kuwa askari wote walivaa kaki, wale wa Kaskazini walizungushia kofia zao kitambaa cheupe ili wasichanganyike na wale wa Kusini.

Mkuu wa Kusini alikuwa Jenerali Thackaberry, mzee wa wapanda farasi, mwenye masharubu yaliyotangulia kuingia chumbani. Ndege hakuzipenda. Alisema zinatisha farasi na kuharibu maziwa ya ng'ombe. Alizikubali kwa sababu Wizara ya Vita ilimletea, kama mtu anavyokubali zawadi ya mkwewe.

Siku ya kwanza ya vita, wakiwa juu futi elfu tatu, Ambrose alichungulia kwenye upenyo kati ya ncha ya bawa na kijiti. Barabara ya Marlingham ilikuwa inafuka vumbi jeupe la chokaa, na ndani ya vumbi msururu mrefu wa vidoa vyeupe ulikuwa unasonga, umejipanga vizuri, unaelekea kusini. Kofia nyeupe! Aliandika kwa haraka: "Adui. Kofia nyeupe. Kama watu mia nane. Barabara ya Marlingham." Akatia karatasi kwenye kifuko chenye mkia wa utepe na kukitupa juu ya makao ya Jenerali, karibu kabisa na birika lake la chai.

Jenerali akatuma wapanda farasi. Walipita nyuma ya kilima, wakajipanga, tarumbeta ikalia, wakashuka bonde kwa kishindo cha kwato na nderemo kama mafuriko.

Barabarani walikutana na bata bukini mia nane, na mwanamke mmoja.

Alikuwa Bi Keziah Bloy, mpeleka bata, akienda na mali yake kwenye gulio la Nottingham kwa miguu, kama mama yake na bibi yake walivyokwenda. Kwa desturi ya safari ile ndefu, aliwapitisha bata kwenye lami vuguvugu, kisha kwenye mchanga, ili nyayo zisichubuke. Kwa hiyo walikuwa wamevaa buti kama askari wengine. Bata bukini mwenye buti haogopi mtu. Farasi walipiga breki, bata wakatanua shingo, na kilichofuata hakikuandikwa kwenye historia ya kikosi kile. Kanali wa wapanda farasi aling'atwa mahali ambapo kwa siku kadhaa alikula chakula chake akiwa amesimama. Mwamuzi mmoja, mwenye roho ya utani, aliwatangaza bata washindi.

Jioni ile kambi nzima ilinuka kicheko. Ambrose alipopita, hema zilimlilia: "Kwaa! Kwaa!" Enoch alimngoja mlangoni mwa zizi na koleo la samadi mkononi, limeoshwa, limepakwa mafuta mpinini.

"Nimekuandalia, shemeji," alisema kwa upole wa kuudhi. "Nimelipunguza mpini likufae."

"Bado sijarudi, shemeji."

"Haraka ya nini? Nyumbu wana subira."

Kisha aliitwa mbele ya Jenerali. Maofisa walikuwa wamesimama ukutani, na Kanali miongoni mwao, amesimama kuliko wote.

"Tuckwell," Jenerali alisema, masharubu yakitetemeka, "nimepigana mabara matatu. Sijawahi kushindwa na kitoweo. Nakupa kesho. Nitafutie adui. Lakini ukisimama mbele yangu ukataja tena lile neno, bata, unarudi kwa nyumbu saa hiyohiyo. Nimeapa, na hawa ni mashahidi wangu."

"Ndiyo, Afande."

"Na sasa nenda kamwombe radhi yule mama."

*

Bi Bloy alikuwa kwenye shamba la mabua, anakusanya bata waliotawanyika. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu kichwani. Alimtazama Ambrose toka juu hadi chini, safari ambayo haikuchukua muda.

"Ndiyo wewe uliyesema bata wangu ni jeshi?"

"Ndiyo mimi, mama. Naomba radhi."

"Radhi haikusanyi bata. Shika upande ule."

Walizunguka shambani wakiwaswaga. Ambrose, aliyewahi kutuliza farasi wakorofi, hakupata ushirikiano wa bata hata mmoja. Huyu akienda huku, yule anarudi. Wa tatu amekaa chini, wa nne anamgombeza wa tatu.

"Huko juu walionekana wamejipanga," alisema akihema.

Bi Bloy alicheka, meno mawili yakajitokeza. "Wamejipanga? Mwanangu, barabara ndiyo imewapanga, ua huku na ua huku. Nimetembea na bata maisha yangu yote. Sijaona bata wawili wakafanya jambo moja kwa wakati mmoja, isipokuwa kula. Ungewatazama vizuri ungejua. Ulitazamia wapi?"

"Pembeni mwa bawa."

"Kwa nini usitazame chini?"

"Bawa limeziba."

"Basi litobolewe," alisema Bi Bloy, kama mtu anayezungumzia kapu, akamkimbiza bata mwingine.

Ambrose alisimama pale kwenye mabua. Bata mmoja akamng'ata kiatu, hakuhisi.

*

Koplo Sprigg aliposikia ombi lile alfajiri, alikumbatia bawa la ndege kama mama anayeambiwa mwanawe atolewe jicho. Kitambaa kile alikinyoosha mwenyewe, akakishona mwenyewe, akakipaka mwenyewe ile dawa ya kukikaza inayonuka kama peremende za peasi, mara tano, akingoja kila tabaka likauke.

"Utoboe bawa? Bawa! Kwa nini usitoboe na boti, uone samaki?"

"Karibu na mwili tu, Obadiah. Katikati ya mbavu mbili. Hutakata hata kijiti kimoja."

"Bawa ndilo linalobeba. Ukilipunguza, ndege inakuwa nzito."

"Nitavua buti."

"Buti!"

"Na pai yangu ya nyama nitaiacha."

Sprigg akaliachia bawa. Alimjua Ambrose, mtu yule haachi pai kwa mchezo. Luteni Hallam, aliyekuwa akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo kilichoning'inizwa kwenye waya wa ndege, aligeuka na povu kidevuni.

"Mimi nitaacha chupa yangu ya brandi," alisema. "Naona huzuni, lakini nitaiacha. Toboa, Koplo. Tukianguka, lawama zangu. Na kwa kuwa nitakuwa nimekufa, hazitaniuma."

Ili kupata kipimo, Sprigg alichukua trei ya chai ya maofisa, akailaza juu ya bawa, akachora pembeni yake kwa chaki. Alifumba jicho moja na kukata. Kisha akashona pindo, akalipaka dawa, huku akinung'unika sala fulani ambayo haikuwa ya kanisa lolote. Ilipokauka, Ambrose alipanda kitini kwake na soksi, akainamia upande wa kulia, akachungulia kwenye tundu. Aliona nyasi. Aliona mdudu kwenye jani la nyasi.

"Obadiah," alisema polepole, "naona."

"Afadhali uone," Sprigg akajibu, na kupenga kamasi kwa nguvu.

*

Ndege iliyotobolewa ilikimbia uwanja mzima na robo ya shamba la jirani kabla ya kukubali kuruka. Ilipokubali, iliruka ikiyumba kidogo, kama mtu aliyetoka kunywa akijitahidi mkewe asijue. Ambrose alishika kamba zake mbili. Upepo ulimpiga miguu ya soksi. Lakini ndani ya tundu lile la trei, nchi nzima ilipita chini yake wazi: mashamba, paa za makanisa, bwawa, msichana aliyeanika shuka.

Barabara ya mashariki, ambako doria za wapanda farasi zilisema adui yuko, ilikuwa tupu. Barabara ya kati ilikuwa na gari la maziwa. Halafu wakafika barabara ya Marlingham, na Ambrose akainama mpaka pua ikaingia tunduni.

Vumbi jeupe. Ndani yake, msururu mrefu wa vidoa vyeupe, unaelekea kusini.

Msimu ule barabara za Norfolk zilikuwa na bata kuliko Wakristo. Ambrose alivuta kamba zote mbili kwa pamoja. Nyuma yake Luteni alitoa kilio ambacho injini ilikimeza, na ndege ikashuka, futi elfu moja, mia tano, mia mbili, nyaya zote zikiimba.

Tundu likajaa watu.

Watu! Kaki, bunduki begani, mizigo mgongoni, na kofia za vitambaa vyeupe, wanne kwa wanne, ua huku na ua huku. Jenerali wa Kaskazini, mtu mwenye akili, alikuwa amesikia habari za bata, kama Norfolk yote ilivyosikia. Akaona hakuna barabara iliyo salama kuliko ile ambayo Kusini wanaona haya kuitaja. Akaipitisha humo brigedi yake nzima, mchana kweupe.

Nyuso ziligeuka juu. Binadamu wa siku zile hakuweza kusikia ndege asitazame. Na walipoitambua ni ndege gani, furaha iliwapata ambayo hakuna amri ingeizuia. Mmoja alikunja viwiko akapiga mabawa. Mwenzake akaiga. Safu yao ikaiga, na safu ya nyuma, na ya nyuma yake, kicheko kikikimbia barabarani kama moto kwenye mabua. Lakini hawa walikuwa askari wa miguu wa Kiingereza, waliofundishwa kuanzia asubuhi hadi jioni, mwaka hadi mwaka, mpaka wanakohoa kwa pamoja. Hawakuweza hata utani kuufanya ovyo. Hatua mbili tatu za fujo, kisha viwiko vikaanza kwenda na miguu: kushoto, juu, kulia, chini, kushoto, juu. Pembeni, sajini meja mmoja mwenye uso kama nyanya alikuwa anawahesabia mdundo, pengine bila kujua anafanya nini.

Brigedi nzima ilipita chini ya tundu la trei ikiruka bila kuruka, kwa mguu wa kushoto.

Ambrose aliachia mluzi, na Luteni akaenda mbio.

*

Walitua nyuma ya makao ya Jenerali. Ambrose aliingia hemani na soksi, uso mweusi kwa mafuta isipokuwa duara mbili za miwani. Mlangoni alimpita Enoch, ameegemea koleo. Enoch alilisogeza tu, ili Ambrose alione.

"Sema," Jenerali akaamuru.

"Adui, Afande. Brigedi nzima. Barabara ya Marlingham."

Kanali, ambaye bado alikuwa amesimama, alikohoa.

"Barabara ileile," alisema Jenerali.

"Ileile, Afande."

"Kofia nyeupe."

"Nyeupe, Afande."

"Luteni, na wewe umewaona?"

Hallam alikuwa muungwana; uongo haukumkaa. "Mimi nimeona kisogo cha Sajini na mti wa mwaloni, Afande. Huo mti ulikuwa karibu sana. Rubani aliyeko chini vile hana nafasi ya kutazama kitu kingine."

"Doria zangu zinasema wako mashariki," Kanali aliingilia. "Sitawapeleka farasi wangu mara ya pili kwenye barabara ile kwa sababu ya mpanda farasi aliyeshindwa, asiye na buti. Jana pia aliapa ameona watu."

"Jana nilichungulia pembeni, Afande. Leo tumetoboa bawa."

"Mmetoboa *nini*?"

"Subiri," Jenerali alisema. Aliinama mezani, masharubu yakagusa ramani. "Tuckwell. Nikiamini maneno yako nikawa nimekosea, Holm inachukuliwa, na mimi nachekwa hadi London. Jana vidoa vyeupe, leo vidoa vyeupe. Nipe kitu kimoja, kimoja tu, ambacho kitaniambia kwamba hawa ni watu."

Ambrose alikuwa nacho. Kilikuwa kimemkaa kwenye ulimi, na kilikuwa na lile neno ndani yake, kama mfupa ndani ya samaki. Alijaribu kuuzunguka.

"Walinidhihaki, Afande."

"Vipi?"

"Kwa mikono."

"Watoto wa shule pia hudhihaki kwa mikono. Walifanyaje?"

Nje, nyumbu mmoja alilia. Ambrose aliona zizi zima kichwani mwake: majani machafu, ndoo, ule mpini uliopunguzwa ili umfae. Aliona pia utosi wa Enoch ukiwa mdogo kama kifungo, mara ile ya kwanza. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza hakuna wa kumlaumu. Doria zimesema mashariki, na kesho atapaa tena. Na barabara ya Marlingham ingeendelea kufuka vumbi hadi darajani.

Alisimama wima, jambo ambalo halikubadilisha sana urefu wake.

"Waliiga bata, Afande."

Kanali akacheka kwa sauti. Mlangoni koleo liligonga ardhi. Jenerali alifumba macho.

"Umelitaja," alisema.

"Nimelitaja, Afande. Na kwa kuwa nimeshalipa, nimalizie. Walipiga mabawa, hivi. Brigedi nzima. Wanne kwa wanne, kushoto juu, kulia chini, hakuna aliyekosea hatua. Kulikuwa na sajini meja pembeni anawahesabia. Mimi jana nimekusanya bata na Bi Bloy mpaka giza, na Bi Bloy ametembea nao maisha yake yote. Anasema hajaona bata wawili wakafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Mimi nimeona watu elfu nne, Afande. Kwa mguu wa kushoto."

Jenerali alifumbua jicho moja. "Wote pamoja?"

"Kama saa, Afande."

"Sajini meja. Uso mwekundu?"

"Kama nyanya."

"Huyo ni Pottinger," Jenerali akanong'ona, kwa sauti ya mtu aliyesikia jina la mpenzi wa zamani. "Pottinger angewahesabia hata wakiwa kaburini." Masharubu yakaanza kucheza, kwanza upande mmoja, kisha wote wawili. "Mabwana, hakuna kiumbe chini ya jua kinachoweza kufanya upuuzi kwa mpango namna ile isipokuwa askari wa miguu wa Mfalme. Kanali! Farasi wako wote nyuma ya ua wa Marlingham. Na safari hii, tafadhali, jilinde nyuma."

Kabla ya chakula cha mchana mambo yalikwisha. Wapanda farasi waliibuka kwenye ua pande mbili, na brigedi ya Kaskazini ikakamatwa barabarani, wengine, inasemekana, viwiko bado vimekunjwa. Jenerali wao alikamatwa na kitunguu cha siki mdomoni. Waamuzi wakatangaza vifo, na watu elfu nne wakaenda kukaa chini ya miti, wakala mikate yao na jibini kwa raha, wakiwa marehemu.

Jenerali Thackaberry alimwita Ambrose mbele ya maofisa walewale.

"Niliapa," alisema.

"Ndiyo, Afande."

"Basi unakwenda kwa nyumbu saa hii. Kiapo ni kiapo." Akakunja uso kuficha kitu. "Na kesho alfajiri unarudi kwenye ile ndege yenu iliyotoboka, na hiyo ni amri, haihitaji kiapo. Ila ukipata nafasi, vaa buti. Kuna wanawake kambini."

*

Kwa hiyo Ambrose alizoa samadi jioni ile na kuimba. Nyumbu walimtazama kwa wasiwasi. Enoch alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana neno la kumtania, na mtu wa namna ile akikosa utani huonekana kama anaumwa.

"Shemeji," alisema hatimaye, akitazama ukwato wa nyumbu. "Ukiwa kule juu. Mimi unaniona?"

"Nakuona."

"Ninaonekanaje?"

Ambrose aliegemea koleo lake fupi. Jibu lilikuwa tayari siku nyingi, limenolewa. Akaangalia kile kifua cha pipa kilivyojikunja juu ya ndoo.

"Una upara, shemeji," alisema. "Lakini unang'aa vizuri. Nautumia kujua nyumbani ni wapi."

Enoch alijishika utosi.

Wiki ile walikuja wataalamu kutoka kiwandani, mabwana wa kofia ngumu, wakalizunguka tundu la Sprigg, wakatikisa vichwa, wakauliza limepimwa kwa hesabu gani. Sprigg akawaletea trei. Waliondoka nayo, ikiwa imefungwa kwenye gazeti kama kitu cha kanisani, na ndege zilizofuata zilikuja na bawa la chini limekatwa pale karibu na mwili, mpelelezi apate kutazama. Maofisa walibeba vikombe vyao mkononi hadi Krismasi.

Lakini asubuhi ile baada ya vita Ambrose hakuyajua hayo. Alipaa akiwa na buti, Luteni akiwa na brandi yake, na ndege ikalia kwa uzito wa anasa hizo. Walipita juu ya kambi. Ambrose akainamia tundu. Chini, karibu na zizi, mtu mmoja mwenye utosi unaong'aa alisimama peke yake na nyumbu. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, kuhakikisha hakuna anayemwona. Kisha akaegemeza koleo ukutani, akakunja viwiko, akapiga mabawa, mara tatu.

Hakuanza na mguu wa kushoto. Enoch hakuwahi kuwa askari wa miguu. Ambrose akavuta kamba zote mbili, wakashuka kumsalimu.